Kolposkopi kwa kila mama? Jibu kwa muuguzi aliyeletewa darubini

Swali: Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya, Nyanda za Juu Kusini. Wafadhili wametuletea darubini ya kolposkopi, ile ya kusimama yenye magurudumu na skrini. Mganga mfawidhi anataka kuanzia mwezi ujao tuachane na VIA (kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutafuta kwa macho dalili za awali za saratani), kila mama wa uzazi wa mpango na wa CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) aangaliwe moja kwa moja kwa mashine, kwa kuwa "inaona zaidi". Mimi nimesomea VIA na tiba joto tu, yaani kuunguza kwa joto eneo lenye mabadiliko. Je, ni sahihi? Mashine yenyewe inatumikaje? Na wale waliovuka miaka 50, ambao kwa VIA tumekuwa tukiwaambia hawafai, sasa tuwaite?

Jibu: Msiache VIA. Darubini mliyopata ni kifaa kizuri na msiifungie stoo, ila kazi yake huanza baada ya kipimo kingine kusema kwamba kwa mama huyu pana shaka. Mkiigeuza kuwa kipimo cha kwanza cha kila mtu mtapima wachache, mtatisha wengi, na kuna wagonjwa ambao bado watawapita.

Tuanze na hilo neno "inaona zaidi". Siki unayopaka kwenye VIA ndiyo hiyo hiyo inayopakwa chini ya darubini. Kinachoongezeka ni taa kali na ukuzaji, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika kati ya mara 6 na mara 15. Sasa mlango wa kizazi wa mwanamke wa miaka 30 una mambo mengi yanayoweza kuwa meupe: seli ndefu za mfereji zinazojigeuza kuwa seli bapa, kovu la uzazi, uvimbe wa klamidia au trikomona, vifuko vya Naboth. Kwa macho matupu mengi ya hayo hupita bila kuonekana, na mama hapotezi kitu. Yakuze mara 15, kila kimoja kitakuomba biopsi, yaani kukata kipande cha kupeleka maabara. Mtu asiye na mazoea ya kutosha ataitikia, na maabara ya patholojia ya mkoa itapokea makopo ya vipande vya afya njema huku vipande vya wagonjwa vikisubiri foleni hiyo hiyo.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Zamani kolposkopi ilichukuliwa kama hakimu wa mwisho. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ALTS ulipochambuliwa upya mwaka 2006, ilionekana kwamba kolposkopi pamoja na biopsi yake ilikamata takriban theluthi mbili tu ya CIN 3. (CIN ni mabadiliko ya seli yanayotangulia saratani; 1 ni madogo, 3 ni makubwa.) Kilicholeta tofauti hakikuwa cheo cha mchunguzi bali idadi ya vipande: waliochukua viwili au zaidi walikosa wachache kuliko waliochukua kimoja. Maana yake ni kwamba darubini bila koleo, formalini na mpatholojia wa kusoma majibu ni lenzi tu. Mganga mfawidhi akiuliza mashine itaanza lini, muulize kwanza vipande vitasafiri kwenda wapi, nani atalipia, na majibu yatarudi baada ya wiki ngapi.

Halafu kuna suala la muda. Kolposkopi ya makini, tangu mama apande kitandani hadi fomu ijazwe, huchukua dakika 20 hivi. Tuchukue akina mama 1,000. Ukiwapitisha wote kwenye darubini umetumia saa 333, na kwa kliniki ya saa 5 kwa siku hizo ni siku 67 za kazi. Ukiwapima VIA kwanza, tuseme 80 wakatoka na chanya, na hata kama wote 80 wangehitaji darubini, ni siku 5 au 6. Siku zinazobaki unapima wengine. Na ugonjwa huu hauna haraka ya siku kwa siku. Kule New Zealand kulikuwa na wanawake wenye CIN 3 ambao hospitali iliwaacha bila tiba ya kutosha, jambo lililokuja kulaaniwa rasmi. Walipofuatiliwa, karibu 3 kati ya kila 10 walipata saratani ndani ya miaka 30. Saba hawakupata, na wale watatu walikuwa na miaka ya kugunduliwa na kutibiwa. Kinachoua akina mama wetu si kwamba kipimo cha kwanza hakikukuza vya kutosha. Wengi hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2021, halikuiweka kolposkopi kwenye orodha ya vipimo vya kwanza. Linapendelea kipimo cha vinasaba vya HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, kuanzia miaka 30 kwa wanawake kwa jumla na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU, kirudiwe kila miaka 5 hadi 10 kwa wa kwanza na kila miaka 3 hadi 5 kwa hawa wa pili. Pale ambapo HPV haijafika, VIA inaendelea, kila baada ya miaka 3. Kolposkopi imewekwa hatua ya pili: kuwachambua wale ambao kipimo cha kwanza kimetoka chanya. Kwa akina mama wa CTC, ambao hatari yao ya saratani hii ni karibu mara 6 ya wengine, hatua hiyo ya pili ina uzito wa pekee, kwa sababu mabadiliko yao huwa mapana na huingia ndani ya mfereji mara nyingi zaidi.

Basi nani aende kwenye darubini yenu? Mama ambaye VIA ni chanya lakini weupe unaingia kwenye mfereji, au huuoni mpaka wa seli bapa na seli ndefu, kiasi kwamba tiba joto haimfai. Mama mwenye HPV chanya ambaye VIA yake haieleweki. Aliyetibiwa akarudi baada ya miezi 12 akakutwa bado chanya. Aliyekuja na jibu la Pap, kile kipimo cha kukwangua seli, lenye mabadiliko makubwa. Na yule anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa huku mlango ukionekana wa kawaida.

Kuna makundi mawili ambayo darubini isiyachelewesha. La kwanza ni mama mwenye VIA chanya anayekidhi vigezo vya tiba joto: weupe wote unaonekana, hauingii mfereji, haufuniki zaidi ya robo tatu ya mlango, na hakuna dalili ya saratani. Huyo mtibu siku hiyo hiyo kama ulivyofundishwa. Ukimwambia arudi Alhamisi ya kolposkopi kuna uwezekano mkubwa usimwone tena. Nauli, shamba, mume, yote yatasimama katikati. La pili ni mama mwenye kidonda kinachomomonyoka au uvimbe kama koliflawa. Huyo haonekani vizuri zaidi kwa darubini. Ni biopsi ya ukingoni mwa kidonda, kama yupo anayejua, na rufaa.

Sasa mashine yenyewe. Jambo la kwanza: kozi ya VIA haikutoshi kufanya kolposkopi peke yako, na hilo si dharau. Uingereza humtaka hata mwenye cheti aone angalau wagonjwa wapya 50 kwa mwaka ili jicho lisichakae. Omba daktari wa magonjwa ya wanawake wa hospitali ya rufaa ya mkoa aje siku moja kila wiki mbili, uwakusanye akina mama siku hiyo, ukae kwenye skrini pembeni yake. Skrini ni faida kubwa hapo: wawili mnaona kitu kimoja. Picha ukimtumia kwa simu siku nyingine, iwe na namba ya daftari tu, bila jina.

Kabla ya mama kuingia, funga breki za magurudumu, washa taa, elekeza lenzi kwenye gozi nyeupe uipe kamera nafasi ya kurekebisha rangi. Usipofanya hivyo, rangi ya skrini inaweza kuegemea njano au bluu, na weupe wote utakaousoma siku hiyo utakuwa wa uongo. Umbali kati ya lenzi na mlango wa kizazi ni kama sentimita 30. Ukijikuta unazungusha kitufe cha ulengaji na picha haitulii, sogeza kichwa chote cha darubini mbele au nyuma kwanza, kitufe ni cha kumalizia. Kama taa ni ya balbu ya halojeni, weka ya akiba ndani ya chumba, usiishike kwa vidole vitupu, na usubiri ipoe kabla ya kubadili. Umeme wenu ukiwa wa kukatika katika, tafuteni kifaa cha kuhifadhi umeme kabla hamjaanza. Kukata kipande halafu giza likaingia si mchezo.

Siki iandaliwe asubuhi ya siku hiyo: mililita 5 za asidi ya asetiki isiyochanganywa ndani ya mililita 95 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, unapata asilimia 5. Mimina asidi ndani ya maji, uweke lebo yenye tarehe, na jioni mwaga iliyobaki. Siki nyeupe ya dukani inakubalika ikiwa chupa imeandikwa asilimia 4 hadi 5. Hapa ndipo ajali mbaya kuliko zote ya kliniki hizi hutokea: mtu anachota kwenye chupa ya asidi nzito akidhani ni iliyokwisha changanywa, na mama anaungua ukeni. Asidi nzito isiingie kabisa kwenye chumba cha uchunguzi. Ikae kabatini kwa mfamasia, ichanganywe huko, na kinachokuja kwako kiwe tayari. Kosa la kinyume chake, chupa iliyokaa wazi wiki nzima, halimuumizi mtu na kwa hiyo halionekani: linazalisha majibu hasi tu, moja baada ya jingine. Ukiona wiki mbili hujapata weupe wowote, shuku chupa.

Ridhaa usiifanye ya kutia saini tu. Kifaa hiki kilianzishwa mwaka 1925 na Hans Hinselmann huko Hamburg, na wakati wa vita wafungwa wanawake wa Auschwitz walikatwa milango ya kizazi bila kuulizwa ili vipande vikachunguzwe katika maabara yake. Mama ana haki ya kujua utatazama nini, unaweza kukata nini, na kwamba akisema acha utaacha. Mweleze pia kwamba darubini haiingii mwilini. Wengi wakiiona ile mashine wanadhani inaingizwa yote. Kinachoingia ni spekulamu tu. Muulize hedhi ya mwisho, ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda, na mzio wa ayodini. Damu ikiwa nyingi, mpangie siku nyingine.

Spekulamu iwe ya upana unaotosha. Ukuta wa uke ukiangukia katikati, mvalishe spekulamu kondomu iliyokatwa ncha. Angalia kwanza bila dawa yoyote, kwa ukuzaji mdogo. Kitu cheupe kabla ya siki ni habari nyingine kabisa, kinaitwa lukoplakia, na ukikosa kukiona sasa utakihesabu baadaye kama kazi ya siki. Futa ute kwa pamba yenye maji ya chumvi, bila kusugua. Washa kichujio cha kijani, mishipa ya damu itatokea myeusi. Mishipa inayoonekana kama vidoto au kama sakafu ya vigae, ikiwa myembamba na imesambaa sawasawa, si ya kutisha sana. Vidoto vikubwa, vigae vyenye ukubwa tofauti tofauti, na hasa mishipa inayojinyonga kama kizibuo au inayokatika ghafla bila kutawanya matawi, hiyo ni dalili ya saratani iliyokwisha kuvamia. Mishipa hii ndiyo kitu pekee ambacho darubini kweli inakionyesha na VIA haiwezi. Na itafifia ukishapaka siki, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Kisha siki, kwa pamba iliyolowa chepechepe, ikae dakika 1 kamili kwa saa. Usikadirie. Seli zinazojigeuza kwa kawaida huwa na weupe mwembamba kama maziwa yaliyotiwa maji, na hupoa upesi. CIN kubwa huwa nyeupe upesi, inakuwa nzito kama chokaa, na inakaa. Kwa hiyo usitazame mara moja ukaandika; tazama tena dakika ya pili na ya tatu, ukipaka upya ikibidi. Jiulize wakati huo huo: mpaka wa seli nauona mzunguko mzima? Ukiuona wote nje ya tundu ni aina ya 1. Ukiingia ndani lakini ukaufuata kwa pamba au kibanio cha mfereji, aina ya 2. Usipouona, aina ya 3, na hapo chochote unachoandika kuhusu "hakuna kidonda" ni nusu ya habari, kwa sababu hujaona mahali kidonda kinapopenda kukaa.

Ayodini ya Lugol inakuja mwisho. Seli bapa zilizokomaa zina glikojeni, zinainywa na kuwa kahawia iliyoiva, kama ubao wa mninga. Eneo la CIN halina glikojeni, hubaki njano ya binzari. Seli ndefu za mfereji nazo hazishiki rangi, na mama aliyekoma hedhi anashika mabaka mabaka, kwa hiyo njano peke yake isikupeleke kwenye koleo. Ukianza na Lugol umefuta ubao kabla ya kuusoma. Kosa hili ni la kila kozi. Kuichanganya ni gramu 10 za potasiamu ayodaidi kwenye mililita 100 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, kisha gramu 5 za ayodini polepole ukitikisa, chupa ya kahawia, kifuniko kikaze, mwezi mmoja.

Kwa kuamua, tumieni alama za Swede, zilizotoka Sweden mwaka 2005. Mambo matano, kila moja 0 hadi 2: uzito wa weupe, kingo na uso wake, mishipa, ukubwa, na ayodini. Ukubwa chini ya milimita 5 ni 0, milimita 5 hadi 15 au robo mbili za mlango ni 1, zaidi ya hapo au unaoingia mfereji bila kuonekana mwisho ni 2. Jumla 0 hadi 4 kwa kawaida ni hali njema au mabadiliko madogo, 5 hadi 6 ni ya kuchukua kipande bila mjadala, 7 hadi 10 ni mabadiliko makubwa na saratani iwe kichwani. Uzuri wa alama hizi ni kwamba zinamlazimisha mtu kutazama kila kitu kabla ya kutoa hukumu. Ubaya wake: mtu aliyekwisha kuamua anaweza kuzipanga zifikie anapotaka. Jaza kila moja wakati wake, jumlisha mwishoni.

Biopsi ichukuliwe na aliyefundishwa. Ibuprofeni miligramu 400, nusu saa kabla. Koleo liwe kali. Koleo butu la Tischler linatafuna na kuvuta, mama anaumia na mpatholojia anapata makombo. Kipande kiwe cha kina cha milimita 2 hadi 3, kitoke kwenye weupe mzito kuliko wote, karibu na mpaka wa seli, si pembeni kwenye wepesi kwa kuwa ni rahisi kufikia. Chukua viwili angalau, hadi vinne kama mabaka ni mengi. Mwombe mama akohoe, na ukate wakati anakohoa. Maumivu yanapungua kweli. Anza na mdomo wa chini. Ukianza na wa juu damu inashuka na kufunika wa chini, na kipande cha pili utakikata kwa kubahatisha. Aina ya 3 iongezewe kukwangua mfereji, isipokuwa mjamzito: kwake kukwangua ni marufuku, na biopsi yenyewe ni pale tu saratani inaposhukiwa, tena hospitali ya rufaa.

Damu isimamishe kwa pamba na mkandamizo wa dakika chache, kisha dawa ya Monsel iliyo nzito kama haradali. Kama ni nyepesi kama maji iache wazi ikauke kidogo, ya maji haishiki. Ipakwe baada ya vipande vyote kutoka, maana inaharibu tishu ya kusomwa. Mwambie mama atatokwa na uchafu mweusi kama mashapo ya kahawa siku kadhaa, la sivyo atarudi usiku akilia. Asishiriki tendo la ndoa kwa wiki moja, na arudi haraka akipata homa, harufu mbaya au damu inayozidi hedhi.

Vipande viingie mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wa mara 10 hadi 20 ya kipande. Kila kipande na kopo lake, kila kopo na saa yake: "saa 6", "saa 11", kama uso wa saa ya ukutani, saa 12 ikiwa juu. Msisitizo huu una sababu, kwa kuwa sisi tunasoma saa kwa hesabu yetu. "Saa 6" kwenye fomu ya kolposkopi ni chini kabisa kwenye uso wa saa, si mchana wa jua kali. Lebo iwe ubavuni mwa kopo, maana vifuniko hubadilishana. Kipande kilichoachwa kwenye maji ya chumvi hadi gari la sampuli lije kesho kimeoza. Hakisomeki, na mama atakatwa tena. Koleo lifungwe, liingie otokleva, 121 °C kwa dakika 30. Mwili wa darubini futa kwa spiriti ya asilimia 70, lenzi kwa karatasi yake tu.

Kisha daftari. Aina ya eneo, mahali pa kidonda kwa saa, alama za Swede, vipande vingapi, na namba mbili za simu, ya mama na ya mtu anayemwamini. Weka safu ya "jibu limerudi" na nyingine ya "mama ameambiwa". Ni safu mbili tofauti, na kliniki nyingi zina ya kwanza tu. CIN 1 ikirudi, usimkimbize kwenye LEEP (kukata eneo hilo kwa waya wa umeme): nyingi hujiondoa zenyewe ndani ya miaka miwili, na kukata mlango wa msichana anayetaka kuzaa bado kunamwongezea hatari ya kujifungua kabla ya wakati. CIN 2 na CIN 3 zitibiwe, kwa tiba joto kama vigezo vinaruhusu, kwa LEEP kama hazikubali, na wote warudi baada ya miezi 12.

Waliovuka miaka 50. Ulikuwa sahihi kuwaambia VIA haiwafai, na darubini haibadilishi sababu yake. Hedhi ikikoma, mpaka wa seli hurudi ndani ya mfereji, nje kunabaki ngozi nyembamba iliyopauka inayotoa damu ukiigusa. Ukuze upendavyo, mahali penyewe hapako mbele ya lenzi. Kipimo chao ni HPV, ambacho hakihitaji kuona kitu na mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Waliopimwa mara mbili mfululizo wakawa hasi baada ya umri huo wanaweza kuacha. Wakitoka chanya, hao sasa ni wa kolposkopi, lakini kwa daktari mwenye uwezo wa kukwangua mfereji au kufanya LEEP, kwa kuwa kuna uwezekano mkubwa wawe aina ya 3. Daktari anaweza kumwandikia krimu ya estrojeni ya ukeni wiki chache kabla, ngozi ipate nguvu na picha isomeke.

Na mama aliyekwisha koma hedhi, akaanza kutokwa damu tena, asiingie kwenye hesabu yoyote niliyoeleza hapa. Huyo si wa VIA, si wa HPV, wala si wa darubini yenu. Mlango unaweza kuonekana msafi kabisa na shida ikawa juu yake, kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mwandikie rufaa wiki hiyo hiyo.